Picha Tisa za Kiberiti

Jumanne, tarehe 14 Machi 1978. Mawingu mazito tangu alfajiri, joto la kubana, upepo hakuna. Mvua ilitishia jana kutwa na haikunyesha.

Bi Vidole aliyaandika hayo juu ya ukurasa mpya kabla hata ya kufungua dirisha. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akianza siku ya kazi namna hiyo. Mkanda wa filamu una tabia za ngozi. Siku ya unyevu hunata, siku ya ukavu hukatika, na mkaguzi asiyejua jana kulikuwaje hawezi kueleza kwa nini leo mkanda umejikunja kama gome.

Jina hilo walimpa waendesha mashine wa sinema, na lilimganda hadi mshahara wake ukaja kwenye bahasha iliyoandikwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kukagua filamu zinaporudi kwenye ghala la kampuni iliyozikodisha kwa sinema. Aliweka gurudumu lenye mkanda upande wa kushoto wa meza na gurudumu tupu upande wa kulia, akazungusha mpini polepole, na kingo za mkanda zikapita katikati ya vidole viwili vilivyovaa glavu nyeupe ya pamba. Palipokwaruza, alisimama. Alikagua kwa kidole kuliko kwa jicho. Kisha aliandika: filamu gani, mkanda wa ngapi, imerudi kutoka sinema gani, ina jeraha gani, amelitibu vipi. Madaftari yake yalijaa rafu nzima.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane, msomi wa kidato cha nne, asiye na maneno mengi. Binti yake aliolewa mbali. Ndugu wa karibu aliyebaki ni mdogo wake wa kike, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, na ambaye sasa alikuwa mke wa mwendesha mashine wa sinema ya stesheni. Huyo shemeji Bi Vidole hakuwahi kumpa moyo wake wote. Alikuwa mtu wa vicheko na vituko, na hajawahi kuandika jambo lolote mahali popote. Bi Vidole alimpenda kwa sababu ya mdogo wake, na alimwangalia kwa jicho la pembeni kwa sababu zake mwenyewe.

Saa mbili na nusu meneja aliingia akiwa na barua ya sinema moja mkononi, uso ameukunja.

“Mama, hebu sikiliza hii,” alisema, akasoma. “‘Wateja wetu wamelalamika. Filamu mliyotuletea ina tundu mahali pabaya. Taa zinazimika, halafu watu wanapiga kelele, halafu daktari anakamatwa. Wateja wanauliza daktari kafanya nini. Wengine wanasema amekamatwa mtu wa watu bure. Wametaka warudishiwe viingilio.’”

“Filamu ipi?”

“Ile ya Kihindi. Ya kiberiti.”

Hakuna aliyeita filamu ile kwa jina lake. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, na katika ghala lile lenye filamu mia mbili na kitu hakuna iliyoombwa kuliko hiyo. Msichana amerithi nyumba kubwa ya babu yake. Kila aliyetajwa kwenye wosia anakufa mmoja mmoja. Watazamaji wanamshuku mjomba, kisha wanamshuku mtunza bustani mwenye kovu, kisha wanamshuku mjomba tena. Hapo ndipo inapokuja karamu: watu wanaimba na kucheza, umeme unakatika, ukumbi unakuwa giza. Msichana anawasha njiti ya kiberiti mbele ya kioo. Katika mwanga ule, nyuma ya bega lake, kioo kinamwonyesha daktari wa familia, mpole wa miwani, aliyekuwa akiwagawia watu dawa na kuwafariji tangu mwanzo. Ana kamba mkononi. Njiti inazimika. Kelele.

Hakuna mtu anayesema baadaye kwamba daktari ndiye muuaji, na hata kama lingesemwa, lingesemwa kwa Kihindi. Watazamaji wengi hawakukijua Kihindi. Waliifuata filamu kwa macho, na kisa chote kilining'inia kwenye njiti ile.

“Kuna mtu anatukatia,” meneja alisema. “Nimesikia wanavikata vipande vyenye sura za waigizaji, wanavitia kwenye fremu, wanavitundika sebuleni. Kopi tunayo hii moja, mama. Walioitengeneza hawana nyingine. Nataka nimjue mtu huyo kabla wiki haijaisha.”

“Mkanda uko wapi?”

“Umerudi jana jioni. Utazame, lakini usiuguse kwa gundi wala kisu. Uache ulivyo, uwe ushahidi. Kesho unakwenda stesheni kwa siku tatu, na siwezi kufuta.”

Bi Vidole alishusha kopo la sita, akauweka mkanda mezani, akauzungusha hadi kidole kikakwaruza. Alijua mahali penyewe. Palikuwa na kiungo, mahali mkanda ulipokatika zamani ukagundishwa, katikati ya tukio lile la kiberiti. Aliuvuta mkanda juu ya kioo chenye taa chini, akachukua lenzi, akahesabu picha zinazoonyesha njiti ikiwaka. Kabla ya kiungo picha tano. Baada ya kiungo nne. Jumla tisa.

Picha ishirini na nne hupita mbele ya taa kila sekunde. Tisa ni kupepesa jicho mara moja. Njiti inawaka na kuzimika kabla mtu hajajua kwamba kuna kioo.

Alihesabu tena, akapata zile zile tisa, akaandika. Kisha akaegemea kiti, na fikra zikaanza kutembea zenyewe.

Filamu ile ilizunguka sinema nne. Alishusha madaftari yote kumi na mawili, akaanza kutafuta kila mahali ilipotajwa. Kufikia saa sita alikuwa na orodha. Filamu ilirudi ghalani mara ishirini na mbili, pamoja na mara hii. Mara kumi na moja ilitoka stesheni. Na kila ilipotoka stesheni, kwa mwandiko wake mwenyewe, mlikuwa na maneno yale yale: mkanda wa sita, kiungo cha kiberiti, kimefanywa upya.

Kiungo hakifanywi upya bila sababu, aliwaza. Kimefanywa upya kwa kuwa kilirudi kibovu. Na kibovu kilitoka wapi mara kumi na moja?

Zile mara nyingine kumi, za sinema nyingine tatu, zilikuwa na maneno hayo hayo. Aliziona. Lakini kwa kuwa ziligawanyika sehemu tatu, hazikumsimamia machoni kama zile za stesheni. Alipiga mstari chini ya zile kumi na moja, akanywa chai iliyokwisha poa, na kutoka hapo shemeji yake hakumtoka akilini.

*

Jumatano baada ya kazi alikwenda kwa mdogo wake. Hakuwa na desturi ya kwenda katikati ya wiki, na mdogo wake aliyekuwa akikunja nguo alimtazama kwa mshangao.

“Dada, kuna msiba?”

“Hakuna. Nimepita tu.”

“Wewe hupiti tu. Wewe hata kupiga chafya unapanga.”

Bi Vidole aliketi. Chumba kilikuwa na kitanda nyuma ya pazia, meza yenye kitambaa cha kufuma, kabati la vyombo, na dirisha lililotazama ua. Kwenye dirisha, katikati ya fremu na kioo, kilichomekwa kipande cha mkanda wa filamu chenye urefu wa kiganja. Jua la jioni lilipita ndani yake, likaacha vivuli vidogo ukutani.

“Hicho nini?”

“Kile? Ah, huyo bwana na takataka zake. Anakuja navyo mifukoni, nikifua nguo navikuta.”

Alisimama kana kwamba anataka kuona nje, akakisogelea. Zilikuwa picha za rangi, farasi na mlima. Hazikuwa za filamu ile. Lakini aliyeleta farasi nyumbani atashindwaje kuleta kiberiti? Macho yake yaliendelea kuzunguka: juu ya kabati, chini ya kitanda, nyuma ya redio, kwenye kopo la biskuti lililofungwa kwa mpira.

“Dada,” mdogo wake alisema, “mbona unaikagua nyumba yangu kama mtu anayetaka kuinunua?”

“Naangalia tu.”

“Unaangalia hadi uvunguni?”

Mlango ulifunguliwa na shemeji akaingia. Alikuwa mwembamba, mrefu, na shati lake lilinuka mafuta ya mashine. Kabla hajasema lolote alimwona mgeni, na mkono wake uliokuwa umeshika kitu kidogo ukaenda mbio kwenye droo ya meza. Droo ikafungwa kwa kishindo. Yote hayo yalichukua muda wa kumeza mate, lakini Bi Vidole aliishi kwa kuona mambo ya muda huo.

“Shemeji,” alisema yule bwana, tabasamu limechelewa kidogo. “Leo jua limechomoza wapi?”

“Mahali pake pa siku zote.”

“Basi umekuja kunikagua. Nisimame kwenye taa?”

“Simama ukitaka.”

Mdogo wake alicheka. Shemeji alicheka. Bi Vidole alitazama droo.

“Filamu ya kiberiti imefika kwenu?” aliuliza.

“Imefika leo mchana. Kesho tunaanza na onyesho la saa tisa. Kwa nini?”

“Kuna watu wamelalamika.”

“Wanalalamika kila mara. Juzi mmoja kaniambia nimempunguzia wimbo. Nikamwambia, bwana, kuna mashairi manne, ulilala la tatu.” Alivuta kiti, akakaa mbele ya droo, mgongo wake ukaiziba. “Wamelalamika nini?”

“Tundu.”

“Tundu gani?”

“Sijui bado,” Bi Vidole alisema, akaaga kabla chai haijachemka. Njiani alitembea taratibu, mkoba ameubana kwapani. Mtu asiye na lake jambo hakai mbele ya droo. Angeweza kumuuliza mdogo wake, lakini angemuulizaje bila kumtia kisu? Na kama ni kweli, ni nani atakayelisha nyumba ile?

Usingizi haukumjia kwa urahisi. Hata hivyo alikuwa amezoea kuamini maandishi kuliko nyuso, na maandishi yalikuwa yamesema mara kumi na moja.

*

Alhamisi asubuhi meneja alimsubiri akiwa amesimama.

“Umempata?”

Bi Vidole aliweka orodha juu ya meza yake. Alikusudia kueleza taratibu, kwamba ni dalili tu, kwamba pengine. Lakini meneja aliona mistari iliyopigwa, akahesabu kwa kalamu, akainua kichwa.

“Stesheni.”

“Imetoka huko mara nyingi zaidi.”

“Mara kumi na moja, na kila mara kiungo kimeharibika. Mama, hii si bahati mbaya.” Aliweka kalamu chini. “Huyo si shemeji yako?”

“Ndiye.”

“Na bado umeniletea.”

“Umeniuliza nani, meneja. Hukuniuliza wa nani.”

Meneja alitikisa kichwa kwa heshima, na heshima ile ilimchoma kuliko ambavyo lawama ingemchoma. Akamwita karani, barua ikapigwa chapa pale pale kwa mwenye sinema ya stesheni: kwamba mwendesha mashine wake amegundulika kuharibu mali, kwamba asiposimamishwa kazi hakuna filamu itakayopelekwa pale tena, kwamba polisi wataarifiwa. Dereva wa gari la makopo angeondoka nayo kesho saa mbili asubuhi.

Bi Vidole alirudi kwenye meza yake, akavaa glavu, akakaa bila kuzungusha chochote. Orodha ilikuwa sahihi, hilo hakulitilia shaka. Lakini orodha haikumwona mtu akikata. Alitaka amwone. Mkono wake ukishika mkasi mbele ya macho yangu, aliwaza, nitalala. Saa nane aliomba ruhusa, akaenda stesheni.

Chumba cha mashine kilikuwa juu ya ukumbi, unakipanda kwa ngazi za chuma. Mashine mbili zilisimama bega kwa bega, zikibadilishana: moja ikimaliza mkanda, nyingine inaanza unaofuata. Pembeni palikuwa na meza ya kukunjia, kibanio cha kuungia mkanda, chupa ya gundi yenye harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na ndoo ya mchanga. Shemeji alikuwa akipitisha mkanda kwenye meno ya mashine. Alipomwona aliganda.

“Shemeji. Hapa hujafika tangu mwaka ule wa mafuriko.”

“Nimekuja kutazama.”

“Ukumbini ni bora, kuna viti.”

“Nataka kutazama hapa.”

Shemeji alishusha pumzi kama mtu aliyekwisha kata shauri. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa miwani, akaivaa.

“Basi na uone,” alisema kwa sauti ndogo. “Jana niliificha kwenye droo. Hata mdogo wako hajui. Mwaka wa pili sasa, bila hii sioni meno ya mashine. Mwenye sinema akijua mwendesha mashine wake haoni, kesho anamleta mwingine. Nilidhani umesikia, ndiyo maana ulikuja.”

Dalili moja ilikuwa imemtoka Bi Vidole mikononi, lakini alibaki na nyingine. Mwenye kuficha miwani anaweza kuficha na mkasi. Alivuta kigoda, akakaa mahali ambapo angeiona mikono yote miwili.

Taa za ukumbi zilizimika. Mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shemeji alifanya kazi bila mzaha, ambalo lilikuwa jambo jipya kwake. Alifuta vumbi kwa brashi, akasikiliza mlio wa mashine kwa kuinamisha kichwa, akabadilisha mkanda kwa wakati bila hadhira kujua. Ulipofika wa sita Bi Vidole alisogea kwenye tundu la ukutani. Kule chini watu walikuwa kimya. Karamu, wimbo, giza. Kitu cheupe kikapita kwenye pazia kama kope. Kelele. Minong'ono ikapanda kutoka kwenye viti: nini, nini kimetokea, nani.

“Umeona?” shemeji aliuliza.

“Nimeona.”

“Zamani nilikuwa nahesabu. Moja, njiti inawaka. Mbili, daktari huyo kwenye kioo, na ukumbi mzima unavuta pumzi. Nilikuwa nauacha mlango wazi nisikie. Sasa hata moja haitimii.”

Mkanda ulipoisha Bi Vidole aliomba upandishwe mezani. Aliutafuta mwenyewe, akahesabu. Tano na nne. Tisa. Hakukuwa na kilichopungua.

Shemeji aliinama juu ya bega lake, miwani puani, akakigusa kiungo kwa ukucha.

“Mara hii hukukibadilisha,” alisema.

“Nilikatazwa.”

“Nimekishangaa. Nikasema, Bi Vidole anaumwa? Kila filamu hii ikirudi hapa, kiungo hiki ni kipya. Najua mkono wako. Mimi nakwangua mkanda pana kidogo kabla ya gundi, wewe unakwangua mstari mwembamba kama nywele, na gundi haimwagiki. Hiki ni chako. Cha kabla yake kilikuwa chako. Changu kilikuwa kimoja tu, mwaka ule wa kwanza, ilipokatika hapa.”

“Vingine vilirudi vibovu.”

“Vibovu vipi? Baada ya kile cha kwanza haijakatika tena hapa hata siku moja.”

“Sikiamini kiungo cha zamani. Gundi hukauka.”

“Hilo nalijua, shemeji, na wala sikulaumu, ndiyo maana filamu zako hazikatiki. Lakini ukikitoa kiungo si unakata picha moja huku na moja huku? Nilidhani unaziandika. Wewe ndiye mwenye daftari.”

Aliyasema hayo bila kulenga, huku akiufunga mkanda kwenye kopo. Mashine iliendelea kuguruma, na kule chini askari wa filamu walikuwa wakimkamata daktari, na mtu mmoja ukumbini alipaza sauti, “Mwacheni, kafanya nini?” Watu wakacheka.

“Shemeji, hebu kaa,” yule bwana alisema. “Umebadilika rangi.”

“Chumba kina joto.”

Alishuka ngazi za chuma akishika reli kwa mikono yote miwili.

*

Ghala lilikuwa bado wazi aliporudi. Alishusha daftari la kwanza kabisa, la mwaka 1966, akafunua ukurasa ambao juzi aliupitia akitafuta jina la sinema tu. Chini ya jina kulikuwa na mwandiko wake wa ujana, mdogo zaidi: mkanda wa sita umekatika kwenye kiberiti. Picha zilikuwa hamsini na nne. Zimeharibika tatu, zimeondolewa huko stesheni na kuletwa koponi. Zimebaki hamsini na moja. Kiungo cha stesheni kimefanywa upya.

Alikuwa mgeni kazini, ndiyo maana alihesabu. Hakuhesabu tena baada ya hapo. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia asiruhusu kiungo cha zamani kitoke mlangoni, na yeye hakuruhusu, miaka kumi na miwili, na kila jioni alikwenda nyumbani akiwa ametosheka.

Filamu ilirudi mara ishirini na mbili. Mara hii ya mwisho alikatazwa kuigusa. Zimebaki ishirini na moja, na kila mara picha mbili. Arobaini na mbili. Alitoa kwenye hamsini na moja. Hakuwa na haja ya kalamu, lakini aliiandika hesabu ile na kuipigia mistari miwili chini, kama alivyofundishwa shuleni.

Tisa.

Picha hizo arobaini na mbili zilikuwa zimeanguka kwenye kikapu kilichokuwa karibu na mguu wake. Mfagizi alizitoa na takataka nyingine. Bi Vidole aliinua macho. Makopo yalipangwa hadi dari, safu kwa safu, filamu mia mbili na kitu, na hakuna hata moja ambayo mkono wake haukuipitia. Ni mazungumzo mangapi aliyoyapunguza neno? Ni nani aliyegeuka akiwa bado hajamaliza kugeuka? Alilitazama ghala lake jinsi jana alivyoitazama nyumba ya mdogo wake, na mara hii mtu aliyemshuku alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe.

Meneja alikuwa amekwisha ondoka. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa dereva, na mfuko ulikuwa ndani ya gari lililofungwa. Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilimjia wazi kabisa, likaketi naye. Daftari la kwanza lingeweza kupotea. Ghala lina panya na lina unyevu. Hakuna aliyejua idadi ile ila yeye. Shemeji angeapa, na nani angemwamini mtu mwenye vipande vya mkanda dirishani na miwani ya siri? Naye Bi Vidole angebaki na meza yake, na heshima ya meneja. Alizima taa ya meza, akaliweka daftari la kwanza ndani ya mkoba, akafunga mlango.

*

Ijumaa, tarehe 17 Machi. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika saa kumi na mbili. Baridi kidogo, upepo wa kusini.

Saa moja kasorobo Bi Vidole alikuwa amesimama kwenye lango la ghala, mbele ya gari la makopo. Dereva alipofika alimsalimu huku akitafuta funguo.

“Mama, leo umenitangulia.”

“Usiondoke bila kunisubiri.”

“Meneja kasema saa mbili kamili.”

“Naye ananisubiri, hajui tu.”

Meneja alipoingia ofisini alimkuta mlangoni. Bi Vidole hakukaa alipoambiwa akae. Alieleza aliyoambiwa na shemeji yake, akafungua daftari la mwaka 1966, akalisoma, kisha akasoma ile orodha, mstari mmoja mmoja: tarehe, sinema iliyoirudisha, kimefanywa upya, picha mbili. Tarehe, sinema, kimefanywa upya, picha mbili. Kwenye mstari wa tano meneja aliacha kuchezea kalamu. Kwenye wa tisa aliinua mkono.

“Inatosha, mama. Nimeelewa.”

“Bado kumi na mbili,” alisema, akaendelea hadi mwisho.

Meneja aliliangalia lile daftari, kisha akamwangalia yeye, na ile heshima ya jana ilikuwa imeondoka machoni mwake.

“Unajua kwamba sasa sina la kufanya na filamu ile?”

“Najua.”

“Na hizo nyingine?”

“Sijahesabu. Nitahesabu ukinipa nafasi. Usiponipa, atakayekuja aanze na za zamani zaidi.”

“Na kama shemeji yako asingekwambia?”

“Barua ingekwenda.”

Meneja alisogea dirishani, akamwita dereva alete mfuko. Alichukua barua, akaichana katikati, akaichana tena, akaitupa.

“Hatima yako tutaizungumza Jumatatu,” alisema. “Lakini wale wenye sinema wanangoja jibu. Lazima kitu kiende leo.”

“Nitaandika mimi.”

Alikaa kwenye meza ya karani, akavuta karatasi. Aliandika kwa mkono, kwa mwandiko wake mwembamba, nakala nne, moja kwa kila sinema. Alieleza kwamba picha za kiberiti hazikuibwa na mtu. Zilipotea ghalani, kwenye meza ya mkaguzi, kwa mkono wa mkaguzi, na waendesha mashine wote wanne hawahusiki. Kwenye nakala ya stesheni aliongeza mstari mmoja: kwamba aliyegundua kosa ni mwendesha mashine wao, na kwamba mashine zao amezikuta zinatunzwa vizuri. Miwani hakuitaja.

Alitia sahihi zote nne, akazifunga, akazipeleka mwenyewe hadi garini. Dereva alitazama saa. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi.